Msemaji Hajathibitishwa

Mwezi wa mitihani, ukumbi wa maktaba huwa hapatemeki mate. Katika msukumano huo fundi wa redio, shati la samawati, bisibisi nyuma ya sikio kama kalamu, alimkanyaga Bi Kimya.

"Pole, dada. Mguu wako ulikuwa njiani."

"Na macho yako yalikuwa likizo?"

Bi Kimya ni jina alilopewa na wenzake wa ghorofani. Alishinda katika chumba cha chini, visikilizio masikioni, akiorodhesha kanda za sauti za zamani. Wafu walimsemesha kutwa; walio hai walimsahau hata chai ilipopita.

Kumbe fundi ndiye aliyeitwa kutengeneza mashine yake ya kanda. Kazi ya siku moja akaivuta ikawa wiki, chai wakinywa pamoja.

"Mashine hii inadeka."

"Imekuiga wewe. Unaitwa nani?"

"Mama aliniita Bwana Waya. Alifariki nikiwa na miaka saba. Sauti yake nimeisahau."

Siku ya sita akajaribu kanda iliyokuwa karibu. Mwanamke alikuwa akieleza ufumaji wa mikeka. Bisibisi ikamdondoka.

"Huyo ni mama! Kumbe sikuisahau!"

Bi Kimya akaandika kwenye kadi, kama kazi inavyotaka: *Mama wa fundi. Hajathibitishwa.*

Fundi akasoma. "Mama yangu atafutiwe shahidi?"

"Ni utaratibu tu, mpenzi..."

Neno lilimponyoka. Fundi alishafika ngazini.

Wiki mbili simu ya Bi Kimya haikupokewa. Chai akanywa moja, vikombe akaosha viwili.

Waorodheshaji husikiliza dakika tano za mwanzo tu, basi. Safari hii akaiacha kanda izunguke yote. Dakika ya arobaini na moja, mwanamke akakatiza maneno yake: "We Bwana Waya! Weka chini bisibisi! Redio ya baba yako imekukosea nini?"

Bi Kimya akacheka, machozi yakamtoka. Akapiga kwa simu ya ofisi.

"Maktaba? Mashine ni nzima, nimeshasema."

"Usikate. Sikiliza."

Akausogeza mkono wa simu kwenye spika. Kisha kamasi ikivutwa.

"Rudisha nyuma kidogo."

Akairudisha mara nne.

"Nimefuta lile *hajathibitishwa* kwenye kadi," alisema. "Imebaki nafasi ya jina kamili la mama yako. Silijui."

"Na lako sijawahi kuuliza. Mjinga mimi."

"Njoo uandike yote mawili, Bwana Waya. Tunafungua saa mbili."

Kesho yake, saa moja na nusu, Bi Kimya alikuwa ameketi ngazini, gauni la njano, visikilizio amevifungia ndani, akisikiliza nyayo.