Hotpoti ya Sixbert

Mwalimu Revocatus alikutwa Jumatatu saa moja asubuhi, amelala kifudifudi nyuma ya mlango wa ofisi yake. Matapishi yalikuwa yamekauka sakafuni. Kucha zake zilikuwa zimevunjika kwa kukwaruza mbao.

Shule ile ya msingi mjini Tabora ilikuwa mali yake mwenyewe. Mlango ulikuwa wake pia, ila ulikuwa umefungwa kwa nje.

Inspekta Mwanahawa aliigeukia meza. Palikuwa na hotpoti ndogo ya mtoto, na ndani yake punje chache za wali. Juu ya mfuniko mtu alikuwa ameandika jina kwa rangi nyekundu ya kucha: SIXBERT.

"Huyu Sixbert yuko darasa la ngapi?"

Mlinzi, mzee Uwesu, alitazama pembeni. "Hayupo, afande."

"Amehama?"

"Alifariki. Mwaka juzi."

Inspekta alivaa glavu, akaitia hotpoti kwenye mfuko wa vielelezo.

"Siku tatu, mzee, na hukusikia mtu akigonga?"

"Kwa jirani kulikuwa na harusi tangu Ijumaa mchana. Spika zile! Nisingesikia hata treni. Halafu kila Ijumaa mwalimu hupanda basi kwenda kwa familia yake Nzega. Nilijua keshaondoka."

"Simu yake iko wapi?"

Ilikuwa jikoni, kwenye chaji.

Jioni daktari alileta majibu ya maabara. "Sumu ya dukani hakuna. Ni wali uliolala kwenye joto siku kadhaa. Vijidudu vyake huacha sumu, na hata ukiupasha moto, sumu haitoki. Wala haunuki. Naye alikuwa na kisukari. Angefikishwa hospitali Ijumaa ileile, angepona."

Kesho yake Inspekta alirudi shuleni. Getini alimkuta Yustina, mtunza chakula, akipokea hotpoti za watoto. Alifungua kila moja, akagusa, akanusa. Kilichofika cha moto kabisa alikipitisha. Kilichopoa vizuri alikiweka kwenye mitungi iliyozikwa katika mchanga wenye maji. Cha vuguvugu alikirudisha.

"Mama Recheli, huu wali umeufunika lini?"

"Sasa hivi tu, jamani!"

"Sasa hivi ya jana. Mtoto atakula uji wangu leo."

Inspekta alimsogelea. "Tangu uanze kazi, wameumwa wangapi?"

"Hakuna, afande. Mwaka wa pili huu."

"Na mwalimu alikuwa anakula wapi?"

"Humu humu. Sheria ya shule, saa saba mkuu anaonja chakula kwanza kabla ya watoto. Mimi ndiye ninayempelekea hotpoti moja."

"Anaonja au anakula?"

"Anakula, afande. Tena anataka yenye nyama."

Kuonja gani huko, hadi kukomba! Watoto wa watu wakashinda na uji. Inspekta alikunja uso. Mwanamke anayenusa hotpoti mia na ishirini kila asubuhi, aliwaza, hawezi kukosea moja.

Wazazi wa wanafunzi walimwelekeza mtaa wa Chemchem, kwa Getruda, aliyekuwa akimlea Sixbert.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa ajili ya mtoto? Leo ndiyo mmekumbuka?"

Alilia kwa hasira. Siku aliyofariki mtoto, alikuwa amepika alfajiri, kwa mikono yake. Siku hiyo walikuja wakaguzi, chakula kikaachwa kwenye stoo ya mabati hadi saa tisa. Sixbert alikula, akaanza kutapika. Wenzake walipoomba apelekwe hospitali, mwalimu alijibu: subirini wageni waondoke.

"Akafa usiku ule. Halafu yule bwana akasimama mbele ya wazazi akasema nimempa mtoto kiporo!"

"Hotpoti yake ilikwenda wapi?"

"Niliikabidhi kwa dada yangu, mama yake mzazi. Kijijini Kigwa, siku ya maziko."

Ukutani palikuwa na picha ya mvulana amekaa mapajani mwa mama yake. Inspekta aliisogelea, akaomba kuichukua. Asubuhi ile alikuwa ameongea na mwanamke yuleyule.

Yustina hakukimbia. Alikuwa akiosha mitungi. Alipoiona picha mkononi mwa Inspekta, alijifuta mikono kwa khanga, akakaa kwenye ndoo.

"Wali niliupika Jumanne," alisema. "Nikauweka stoo ileile ya mabati. Ijumaa nikaupasha, nikautilia nyama. Semina ya afya ilinifundisha yote. Nilijifunza ili mtoto wa mwenzangu asife. Na ili yeye afe."

"Umemfanyia kazi mwaka na zaidi. Hakukujua?"

"Angenijuaje? Hakuja kuzika." Sauti yake ilipanda. "Mwalimu amefiwa na mwanafunzi, hakuja, hakutuma mtu, hakuleta hata sanda! Angekanyaga Kigwa siku ile, angeniona uso. Ningeshindwa kuingia hapa. Huenda ningemsamehe."

"Kwa nini uliiacha hotpoti mezani?"

"Nilitaka asome jina. Alipokuwa anakula hakulisoma. Alipoanza kutapika ndipo nikamsikia analisoma kwa sauti, akaniita. Nilikuwa nimeshafunga mlango."

"Alisema nini?"

"Alisema, mama, nakufa, nipeleke hospitali."

"Nawe?"

"Nikamwambia asubiri wageni waondoke."

Inspekta alikuwa ameshatoa pingu. "Wageni gani tena?"

"Wa harusi, afande," alisema Yustina, akanyoosha mikono. "Waliondoka Jumapili jioni."