Mwaka Ulioruka Kwenye Kompyuta

Kila siku akitoka shule, Kulsumu alipitia dukani kwa baba yake kabla ya kurudi nyumbani, mtaa wa Izia. Lilikuwa duka la kuchapa na kutoa kopi, karibu na stendi ya Sumbawanga. Alikuwa akifagia, akipanga karatasi, kisha baba yake, Bashiri, alimruhusu kujifunza kuchapa kwa nusu saa kwenye kompyuta.

Alhamisi moja ya Julai, baridi ikiwa kali, alikuta dukani watu wawili wamesimama nyuma ya kiti cha baba yake. Mmoja alikuwa mama aliyejifunga shuka mabegani. Mwingine alikuwa msichana aliyeshika bahasha kwa mikono miwili.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu yule mama, ambaye jina lake lilikuwa Albina. Baba hakugeuka.

"Imekataa tena," Bashiri alisema. "Inasema tovuti ya chuo si salama. Tangu asubuhi kila ninachofungua kinakataa."

Msichana huyo, Monika, alikuwa ametoka kijiji cha Mwazye na mama yake alfajiri. Alikuwa anaomba nafasi ya kusomea uuguzi. Cheti chake cha kuzaliwa kilichelewa, amekipata jana tu, na mwisho wa kutuma maombi ulikuwa siku hiyo saa kumi jioni. Walikuwa wamejaribu kwa simu, ikashindikana kupakia vyeti, na duka jingine walilolijua lilikuwa limefungwa. Sasa ilikuwa saa tisa kasoro robo.

Kulsumu akakumbuka alichokifanya. Jana, baba yake alipokwenda kuswali alasiri, hakujifunza kuchapa. Alicheza mchezo. Nafasi za kucheza zikiisha, mchezo ule humlazimu mchezaji kusubiri hadi kesho. Rafiki yake Jane alikuwa amemfundisha ujanja: unazima sehemu inayoifanya kompyuta ijirekebishe saa kupitia mtandao, halafu unasogeza tarehe mbele. Alisogeza mara nyingi, mwezi baada ya mwezi. Aliposikia viatu vya baba mlangoni, alirudisha siku na mwezi haraka haraka, akafunga.

Alichungulia kwenye kona ya skrini. Pale ilionekana saa tu, nayo ilikuwa sahihi kabisa. 'Basi si mimi,' alijiambia. Lakini moyo haukutulia.

Saa tisa kamili alifika Felisian, fundi wa kompyuta aliyeitwa na Bashiri. Alijaribu mtandao kwenye simu yake, ukafanya kazi. Akakuna kidevu.

"Huenda ni virusi, Mzee Bashiri. Dawa yake ni kufuta kila kitu niweke programu upya. Itachukua muda wa saa mbili."

"Saa mbili?" Albina alishtuka. "Fundi, mwisho ni saa kumi!"

Monika alikaa kwenye benchi, bahasha magotini, machozi yakimlengalenga. Kulsumu alimtazama, kisha akamtazama baba yake. Akisema, atagombezwa mbele ya wageni. Pengine hataigusa tena kompyuta. Felisian alikuwa tayari anatoa diski kwenye begi.

"Fundi, usifute!" Kulsumu alipaza sauti. "Mimi... jana nilichezea tarehe."

Bashiri aligeuka polepole. "Ulifanya nini?"

Kulsumu alieleza yote, akilia. Felisian hakusubiri amalize. Alifungua kalenda ya kompyuta, akapiga paja.

"Siku sawa, mwezi sawa, ila mwaka ni wa mbele! Tarehe ilivuka Desemba, wewe ukarudisha siku na mwezi tu."

"Mwaka mmoja ndio ufunge mtandao?" Bashiri aliuliza.

"Ndiyo. Ndani ya mfumo endeshi, yaani programu kuu ya kompyuta, kuna kiini, ndicho kinachosimamia kazi zote za mashine. Kompyuta ikiwashwa, kiini husoma saa kwenye kifaa kidogo chenye betri, halafu huendelea kuhesabu chenyewe pigo kwa pigo. Programu zote huuliza saa kwake. Kila tovuti salama ina cheti cha kielektroniki cha kuithibitisha, chenye tarehe ya kuisha muda. Kiini kikisema ni mwakani, vyeti vyote vinaonekana vimeisha muda."

Akarekebisha mwaka, akawasha tena ile sehemu iliyozimwa. Bashiri alijaribu tovuti ya chuo. Ilifunguka.

Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini na tano. Monika alisoma majina na namba kwa sauti, Bashiri akachapa, Kulsumu akaweka vyeti kwenye skana kimoja kimoja. Mara mbili mtandao ulisita, na mara zote mbili Albina alifanya ishara ya msalaba. Saa kumi kasoro dakika sita, skrini iliandika kwamba maombi yamepokelewa.

Monika alimkumbatia mama yake. Kulsumu aliwasogelea. "Dada Monika, mama, nisameheni."

"Tumekusamehe, mwanangu," Albina alisema. "Ila leo umetutoa jasho kwenye baridi."

Walipoondoka, Bashiri alimketisha mwanawe karibu naye.

"Mwezi mzima hutaigusa kompyuta hii. Hiyo ni kwa kucheza kwa siri. Lakini sikiliza, Kulsumu. Mashine haijui uongo. Ukiipa tarehe mbaya, inaisambaza kwa kila anayeitegemea, hata mtu ambaye humjui. Na kosa unalolificha kwa hofu ni hivyo hivyo: anaumia asiyehusika. Ungesema saa tisa kasoro robo, yule binti asingelia. Siku nyingine ukikosea, sema mapema."

"Nitasema, baba," Kulsumu aliitikia.