Saa Sifuri Asubuhi

Foleni ya dirisha la dawa ilikuwa imefika mlangoni, na uvumilivu wa muuza dawa ulikuwa umefika mwisho. Wagonjwa watatu walikuwa wamerudi asubuhi hiyo na kesi ileile. Aliwaandikia dawa ya saa mbili asubuhi, wao wakainywa saa nane mchana, kwa sababu programu ya simu ya kukumbusha dawa ilihesabu saa za kizungu na kuwaandikia nane.

"Nikimpata aliyetengeneza hii kitu," alifoka, "nitamnywesha kabati zima!"

Kijana aliyefuata kwenye foleni, mwenye shati la kijani lililopigwa pasi mbele tu, alikohoa.

"Basi anza na ya kikohozi," alisema. "Ni mimi."

"Wewe?"

"Mimi na wenzangu. Tunajitolea, hatulipwi."

"Kumbe mnaharibu bure!"

Foleni ikacheka. Kijana hakununa. "Msimbo wake, yale maandishi yanayoiendesha, uko wazi kwa kila mtu, Dokta. Yeyote anaruhusiwa kuurekebisha, hata wewe. Njoo Jumamosi tukufundishe."

"Mimi siyo daktari."

"Na mimi siyo fundi, kama unavyoona."

Hapo muuza dawa akakosea: alicheka.

Jumamosi akaenda. Walikutana ghorofani, juu ya duka la uchapaji, kwenye chumba chenye viti vya plastiki na sakafu iliyotetemeka kila mashine za chini zilipowashwa. Wote walimwita yule kijana Mabano, kwa kuwa alikuwa tayari kusimamisha somo zima kwa ajili ya alama moja ya mabano isiyofungwa. Walikuwa na sheria moja isiyopindwa: hakuna anayeidhinisha kazi yake mwenyewe. Unaituma, mwenzako anaikagua, ndipo inaingia kwenye simu za watu, na kumbukumbu huweka jina la kila aliyeugusa msimbo, siyo la mkaguzi, pamoja na dakika aliyogusa.

Muuza dawa aliipenda sheria ile. Yeye alikuwa binti kitinda mimba nyuma ya kaka wanne, na maisha yake yote alilishwa neno moja: "Acha, nitakufanyia." Viatu alifungiwa, fomu alijaziwa, hata barua ya kuomba kazi aliandikiwa. Alitaka kitu kimoja tu duniani kilichotoka mikononi mwake, na kitu hicho kilikuwa ile saa ya programu, aifanye ihesabu saa za Kiswahili. Alijifunza kwa miezi mitatu akitafuna kofia za kalamu, na katikati ya miezi hiyo, bila mtu kutangaza, Mabano akawa mpenzi wake.

"Umekula, laazizi?" Mabano aliuliza kwenye simu jioni moja.

"Nitakulaje na hii saa inanigomea?"

"Itume hivyohivyo. Nitaitazama."

Akaituma. Baada ya muda mfupi simu ikalia tena. "Imepita! Safi sana, Dokta wangu."

"Mara ya kwanza tu?"

"Una kipaji, wewe!"

Na kila alichotuma baada ya hapo kilipita. Muuza dawa akaanza kutembea kifua mbele, hata akaombwa afundishe wageni saba. Alivaa gauni la zambarau alilolitunza kwa siku ya maana, akaitandaza ukutani kumbukumbu ya kazi zake kwa mwanga wa projekta.

"Samahani, binti," alisema mwalimu mstaafu aliyekaa mbele, akisogeza miwani. "Mbona chini ya kila kazi yako pana jina la huyu bwana Mabano, dakika tatu baadaye?"

Muuza dawa akageuka, akasoma. Saa yake, kama alivyoituma, ingemwambia mgonjwa wa saa kumi alfajiri anywe dawa "saa hasi mbili". Mabano aliigeuza hasi hiyo kuwa kumi kimyakimya, kisha akampa mwenzake aidhinishe. Na siyo hiyo tu. Kazi zote kumi na tisa alikuwa amezipitia hivyo. Akazima projekta, akatoka.

Mabano alimkuta kwenye ngazi.

"Nilitaka kukusaidia, mpenzi."

"Umenivisha kilemba cha ukoka, watu wakakisoma ukutani!"

"Ungekata tamaa…"

"Ulijuaje? Uliwahi kunipa nafasi ya kuikata?" Akashuka ngazi moja. "Nina kaka wanne walionifungia viatu mpaka nikaota matiti. Sikuja huku kutafuta wa tano."

Wiki mbili alikata kila simu ya Mabano. Kisha Jumapili moja shangazi yake, aliyekuwa akiishi naye na kunywa dawa ya presha kila alfajiri, akatoka chumbani na simu aliyowekewa programu ile jana yake, kanga kifuani, ameduwaa.

"Mwanangu, saa sifuri ni saa ngapi?"

Akaitazama. *Saa sifuri asubuhi: kunywa dawa.* Ilikuwa saa kumi na mbili. Kumbe bwana mrekebishaji alitibu hasi, akaisahau sifuri! Muuza dawa akampigia Mabano simu kabla hasira haijapoa.

"Shangazi anauliza saa sifuri ni saa ngapi."

"Mungu wangu. Nipe dakika mbili, nai…"

"Thubutu! Usiguse. Saa hiyo ni yangu."

"Lakini wagonjwa wa alfajiri, Dokta…"

"Utaipata kabla jua halijazama. Ukikuta kosa, nirudishie. Ukigusa hata nukta, usinipigie tena maishani."

Akaituma mchana. Ikarudi: *Hukufunga mabano, mstari wa nne.* Akaituma. Ikarudi: *Sasa umeharibu saa kumi na mbili ya jioni.* Akaituma. Ikarudi: *Hukuijaribu kabla ya kutuma. Inaonekana.*

"Mjeuri mkubwa wewe!" alifoka akipiga meza, vikombe vikaruka.

"Nani huyo?" aliuliza shangazi.

"Mwanaume mmoja hivi."

"Na mbona unatabasamu?"

Aliijaribu saa baada ya saa, zote ishirini na nne, shangazi akihesabu kwa sauti. Jua likiwa juu ya mapaa, jibu likaja: *Imepita.* Hakuna safi, hakuna mpenzi. Alifungua kumbukumbu. Jina lake lilikuwepo. Akasubiri dakika tatu, akatazama tena. Chini yake hapakuwa na mtu. Akalia kama mtoto, na shangazi akamwacha alie.

Jumatatu, nyuma ya wagonjwa kumi na mmoja, lilisimama shati la kijani lililopigwa pasi mbele na nyuma. Halikuruka foleni.

"Unaumwa nini?" aliuliza muuza dawa lilipofika dirishani.

"Dokta, nimekuja… yaani, mimi na wewe… wazee wangu, kama shangazi angewapokea…" Jasho likamtoka. "Si unajua ninachotaka kusema?"

Alijua. Alilijua kila neno, angeweza kumalizia kwa pumzi moja.

"Msaidie basi, dada!" alilalamika mama mmoja nyuma. "Wengine tuna homa huku!"

Muuza dawa akaweka kalamu chini.

"Ina makosa," alisema. "Rudia mwenyewe."

Mabano akajifuta uso, akaanza upya, akakwama. Foleni ikaguna. Akavuta pumzi.

"Nataka kukuoa," alisema, mpaka watu wa mlangoni wakasikia.

"Imepita," alisema muuza dawa. "Haya, anayefuata!"