Mti wa Mpakani

Kila asubuhi ya Februari mume wangu Hollis hufanya jambo moja kabla ya kunywa kahawa. Hutoka nje na soksi tu, husimama kwenye baridi na kutazama kipimajoto kilichopigiliwa ukutani. Kisha hurudi ndani akipiga miguu chini na kuniambia, "Bado, Verna. Bado."

Tumeoana miaka ishirini na sita. Nimemwambia avae viatu mpaka nimechoka.

Anachosubiri ni maji ya mepo. Huku kwetu kaskazini mwa Vermont, baridi ikikaribia kwisha, miti ya mepo hutoa maji matamu. Tunatoboa kila mti tundu dogo. Tunaunganisha mipira myembamba kutoka mti hadi mti, na maji hushuka mlimani mpaka kwenye kibanda chetu cha kuchemshia. Tunayachemsha kutwa nzima mpaka yawe asali nzito. Msimu wenyewe ni wiki chache tu. Ukikupita, basi, ngoja mwaka mwingine.

Lakini mwaka mmoja tulisubiri kwa hofu, maana nusu ya miti tunayotoboa si yetu. Imo ndani ya msitu wa jirani yetu, Ardith Colby. Mume wake, Royce, alikubaliana na Hollis zamani kwa kupeana mikono tu. Hakuna kilichoandikwa. Mambo yalikwenda vizuri miaka kumi na tisa. Kila mwaka, siku ya kwanza ya kuchemsha, Ardith alikuwa akija na chupa ya matango ya siki. Tulimwaga asali ya moto juu ya theluji safi, ikaganda, tukaila kwa donati na yale matango. Utamu ukizidi, unauma tango, kisha unaanza upya. Royce alikuwa anaweza kula mpaka tumwonee haya.

Royce alifariki. Miaka miwili baadaye, Hollis akakata mti.

Ulikuwa mepo mkubwa kuliko yote mpakani. Upepo wa Novemba uliupasua katikati, na upande mmoja ukabaki ukining'inia juu ya mpira wetu mkubwa unaopokea maji ya ile mingine. Ardith alikuwa amesafiri kwa binti yake. Hollis aliamini mti uko upande wetu. Hakupima. Hakupiga simu. Alichukua msumeno wa mota, akauangusha.

Kumbe ulikuwa upande wa Ardith, kwa hatua mbili.

Ardith aliporudi akakuta kisiki. Alikuja kwetu bila kofia, theluji ikimwangukia kichwani.

"Hollis, mti wa Royce uko wapi?"

Na mume wangu, ambaye nampenda, akajibu jibu la kipumbavu kuliko yote niliyowahi kumsikia akitoa. "Ni mti tu, Ardith. Ungeanguka hata hivyo."

Ardith aligeuka akaenda zake. Januari tukapata barua kutoka kwa wakili wake. Ardith amefungua kesi kwa ajili ya ule mti. Na mipira yetu yote iwe imetoka msituni kwake kabla ya tarehe moja Machi.

Tukatafuta wakili na sisi. Alitusikiliza vizuri, akasema, "Kesi itasikilizwa Septemba, labda Oktoba."

"Maji yanatoka Machi," nikamwambia.

"Mahakama haina habari na maji, Bi Verna. Na wewe Hollis, usizungumze na yule mama. Usiseme samahani. Ukisema samahani, wanaweza kuitumia kuonyesha umekiri kosa."

Hollis akanyamaza kweli. Akikutana na Ardith posta, anatazama viatu vyake. Ardith naye akaona mtu huyu kweli hana haya. Niliumia kuwaona hivyo. Walikuwa wakicheka pamoja mpaka machozi.

Siku nyingine nilimpigia wakili nikamuuliza kama hakuna njia nyingine kabisa.

"Ipo," akasema. "Mngekubali nyote wawili, mngeenda kwa msuluhishi. Yupo Noreen Lachance, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa karani wa mahakama. Zamani alikuwa na wateja wachache. Siku hizi ana kazi mpaka kaajiri mtu wa kupokea simu."

Nilimweleza Hollis wakati wa chakula cha jioni. Aliweka uma chini.

"Nikae meza moja na yule mama? Bora nimeze msumeno."

"Umeze basi. Ila ukimaliza, uniambie Machi tutachemsha nini. Theluji?"

Alimaliza maharage yake. Kisha akasema, "Mpigie."

Ardith naye alikubali, na Noreen akazungumza na kila mmoja wetu kwa simu kwanza, mbali na mwenzake. Alituuliza kama kuna yeyote anayemwogopa mwenzake.

"Swali gani hilo?" Hollis akasema.

"La lazima," Noreen akajibu. "Mtu anayepigwa au kutishwa hawezi kuelewana na anayemtisha. Huyo namwelekeza polisi na mahakamani, simkalishi mezani kwangu."

Ardith naye aliulizwa. Baadaye nilisikia alijibu, "Nimwogope Hollis? Yule anaogopa bata."

Gharama tukagawana nusu kwa nusu.

Siku ilipofika Hollis alivaa shati la mazishi. Akabeba faili nene la picha na ramani. Na chini ya kwapa akabeba galoni nzima ya asali yetu, ile nyepesi ya mwanzo wa msimu, ambayo hata mimi hunipimia kwa kijiko.

"Hiyo ya nani?" nikauliza.

"Ya Bi Noreen. Si vibaya akijua sisi ni watu gani."

Tulipanda ngazi. Ardith alikuwa amefika kabla yetu. Amekaa wima kama yuko kanisani, na mapajani ameshika pai ya tofaa, bado ya moto.

Noreen, mama mfupi mwenye miwani, alitazama galoni. Akatazama pai. Akacheka mpaka akavua miwani.

"Jamani! Mngemletea hakimu hivi, mngejitafutia balaa. Mkiniletea mimi, mnajisumbua bure. Mimi siamui."

"Huamui?" Hollis akauliza. Faili likaanza kumteleza.

"Siamui. Sisemi nani mkweli na nani mwongo. Nikipenda pai kuliko asali, haibadilishi kitu. Wenye uamuzi ni nyinyi. Kazi yangu ni kuwasaidia mzungumze."

"Basi tunakulipa ya nini?" Ardith akauliza.

"Swali zuri, mama. Kaa utaona."

Akatueleza taratibu zake. Kila mmoja atasema bila kukatizwa. Hakuna anayelazimishwa kubaki. Anayetaka kuondoka, mlango ule pale, na kesi yake mahakamani iko palepale. Tukielewana, tutaandika, na kila upande utampelekea wakili wake aisome kabla ya kutia sahihi. Tukishatia sahihi, inatufunga. "Na jambo la mwisho," akasema. "Mnachozungumza humu kinabaki humu. Sheria inakilinda. Mtu hatakipeleka mahakamani kumkandamiza mwenzake."

Hollis akainua kichwa pale. Nilimwona.

Ardith alianza. Alizungumza juu ya mpaka na juu ya mipira. Hollis alimkatiza mara mbili, na mara mbili Noreen akainua penseli yake. Kisha Hollis akafungua faili. Upepo, mpasuko, hatari ya mpira mkubwa. Ardith alitazama dirishani muda wote. Saa nzima ikapita hivyo, nikaona tumepoteza muda wetu.

Noreen akatutenganisha. Ardith alibaki pale, sisi tukaenda chumba cha pili. Alikaa kwanza na Ardith, kisha akaja kwetu.

"Hollis, weka ramani chini. Kama wakili asingekukataza, ungemwambia nini Ardith?"

Mume wangu alijipangusa uso kwa mikono miwili.

"Ningemwambia nimekosa," akasema. "Sikupima. Ningeweza kumpigia simu, sikumpigia. Na lile neno nililomwambia, 'ni mti tu', nalisikia kila nikilala. Royce alikuwa rafiki yangu. Niliogopa kulia mbele ya mkewe, ndiyo maana nikasema upuuzi."

Miezi mitatu, na mimi mkewe sikuwahi kuyasikia maneno hayo. Nilimshika mkono.

"Unaruhusu nimfikishie?" Noreen akauliza.

"Hapana," Hollis akasema. "Nitamwambia mwenyewe."

Tukarudi. Hollis hakukaa. Alisema yote amesimama, ameshika kiti kama kitamkimbia. Ardith alimsikiliza hadi mwisho. Nilidhani atalia. Badala yake akauliza kwa sauti ndogo:

"Uliuchoma?"

"Nini?"

"Mti. Unachemshia kuni wewe. Uliuchoma kibandani?"

"Hapana!" Hollis akasema. "Shina lote liko nyuma ya kibanda, chini ya turubai. Nilijaribu kulipasua mara moja, mikono ikakataa."

Ardith akaweka kiganja mdomoni.

"Ule ndio mti wa kwanza aliotoboa Royce tulipohamia hapa," akasema. "Alikuwa na ndoo moja tu. Kila nikiona moshi wenu nasema, wanamchoma Royce wangu. Mahakama ingenipa pesa, Hollis. Pesa ya nini? Nilitaka mti wangu, na nilitaka mtu aniambie samahani."

"Samahani, Ardith."

"Nimesikia. Umechelewa, lakini nimesikia."

Noreen aliinuka akakata pai.

Msidhani yaliishia hapo kwa kukumbatiana. Ardith ni Ardith. Akiwa na pai mdomoni alianza kudai, na Noreen akaandika. Mpima ardhi aje aweke alama za mpaka, na gharama alipe Hollis. Mipira ibaki, lakini kwa mkataba wa maandishi, wa kuzungumzwa upya kila vuli. Miti mitatu iliyo karibu na nyumba yake isitoboliwe tena.

"Ile mitatu ndiyo inatoa vizuri kuliko yote!" Hollis akalalamika.

"Ndiyo maana naitaka niitazame ikipumzika. Kama mimi."

Hollis akanitazama. Nikamwambia kwa macho akubali, akakubali. Akaahidi pia kwamba hatakata hata tawi kabla ya kupiga simu. Na shina la Royce lipasuliwe mbao, itengenezwe benchi, ikae ndani ya kibanda chetu, na iwe mali ya Ardith.

"Kuna lingine?" Noreen akauliza.

"Matango," Hollis akasema.

"Nini?"

"Ardith alete matango siku ya kwanza. Andika."

Noreen akaandika. Karatasi zikaenda kwa mawakili. Wakili wetu alibadilisha sentensi moja, wa Ardith mbili. Wiki iliyofuata tulirudi juu ya lile duka, tukatia sahihi, na Ardith akaiondoa kesi. Tangu simu ya kwanza hadi sahihi, zilipita siku kumi na tisa.

Kwa ruhusa ya Ardith na Hollis, nimewasimulia majirani wengi habari hii. Wapo wanaoniuliza kama mahakama ni mbaya. Si mbaya. Kuna kesi ambazo bila hakimu haziishi, na mtu asiogope kwenda kwake. Lakini kama unayegombana naye utaamka kesho umwone dirishani, mtafuteni msuluhishi kwanza. Muulizeni kazi hiyo kajifunzia wapi na analipisha kiasi gani. Semeni lile hasa linalowauma. Na msitie sahihi kitu msichokielewa.

Tarehe tisa Machi Hollis alitoka nje na soksi. Alikaa muda mrefu. Aliporudi alikuwa amelowa hadi vifundoni, theluji imeanza kuyeyuka.

"Verna! Yanatoka!"

Mchana kibanda kilijaa mvuke mpaka hatukuonana vizuri. Tukasikia mlango. Ardith aliingia na chupa yake kifuani, akasimama mbele ya benchi. Hollis alikuwa ameipiga msasa mwenyewe jioni baada ya jioni. Kwenye ubao wake mweupe yalionekana matundu ya zamani, madogo, meusi pembeni, ambayo mti ulikuwa umeyafunika kwa miaka na miaka. Kila tundu lilikuwa msimu mmoja.

Ardith aliinama akapitisha kidole juu yake, moja baada ya jingine. Akaishia kwenye lililo ndani kabisa, karibu na moyo wa mti.

"Hili la kwanza," akasema. "Tazama lilivyopinda. Alikuwa hajajua bado kutoboa. Nilimcheka siku nzima."

Akakaa juu ya benchi, akafungua chupa.

"Haya, Hollis. Leta theluji."