Mwandishi wa Njia ya Majabali

"Na huyu ndiye mke wangu, Hamisa. Yote mtakayosikia leo kuhusu mawe na viumbe wa njia hii, ameyaandika yeye."

Wageni wakapiga makofi. Nyuma kabisa, Faudhia alimkodolea macho msemaji. Alitoka Chanika, Handeni, alfajiri ya Jumamosi hiyo, aje kumshtukiza mtu huyohuyo, mchumba wake Adamu, kijana wa Korogwe anayeongoza matembezi ya ufukweni huku Pangani. Kwao posa ilishapokelewa. Miaka miwili Faudhia, mwalimu wa jiografia, alimalizia wikiendi zake hapa, akichunguza majabali, kuhesabu ndege na kuandika maelezo hayo, Adamu akimshikia daftari.

Mgeni mmoja, mzee Ernesti, akanyoosha mkono.

"Mama, mbona jabali lina matundu kama sega la nyuki?"

Hamisa akamtazama mumewe.

"Ni mawimbi tu, mzee," Adamu akadakia.

"Si mawimbi tu." Faudhia alisogea mbele. "Shikamoo mzee. Jabali hili lilikuwa matumbawe hai. Bahari ikashuka, yakabaki juu, yakawa jiwe. Chumvi inalila. Na hawa konokono wanalikwangua wakitafuta mwani."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe!"

Hamisa akauliza taratibu, "Dada, wewe ni nani?"

"Mwanafunzi wangu wa zamani," Adamu akasema haraka.

Faudhia akatoa simu, akasoma kwa sauti: "*Mke wangu mtarajiwa, maelezo ya kasa nimeyapata. Usije Jumamosi, maji yamejaa, njia imefungwa.* Adamu ameutuma Alhamisi."

"Alhamisi?" Hamisa alishika kifua. "Alhamisi tulikuwa kwenye fungate."

Adamu akamvuta Faudhia pembeni.

"Nisikilize. Dini inaruhusu. Ningekuoa wewe wa pili."

"Akili yangu iwe ya kwanza, mimi niwe wa pili? Niachie mkono!"

Alipogeuka kuondoka, Hamisa alimfuata, macho yamelowa.

"Dada, wale ndege wenye midomo iliyopinda ni nani? Alinikaririsha majina tu."

Faudhia alitaka kumchukia, akashindwa.

"Sululu. Wanatoka nchi za baridi. Wanafuata kaa, maji yakitoka."

Alasiri alishuka stendi ya Korogwe, akampigia mama yake.

"Mama, mwambie baba arudishe posa."

"Kuna nini, Faudhia?"

"Adamu ameoa."

"Uko wapi?"

"Korogwe. Nangoja gari la Handeni."

"Umekula, mwanangu?"

Hapo ndipo Faudhia alipolia, mbele za watu, bila kujifunika uso.