Ufunguo wa Pili wa Mwalimu Abdulkadiri

Mwalimu Abdulkadiri Suud alikutwa amelala kifudifudi kwenye nyasi za bonde la Jangwani, kofia yake ya viua imebingirika hatua tatu mbele. Ilikuwa Jumapili, saa moja na nusu asubuhi. Damu ilikuwa imelowesha kola ya kanzu na kuingia ardhini.

Inspekta Chiku Mbaruku alichuchumaa pembeni yake. Alikuwa na miaka kumi na minane kazini na bado maiti ya mzee ilimkata maini.

"Nani kamgusa?" aliuliza.

"Binti yake tu, afande," alijibu Koplo Filbert. "Tulimkuta amemkumbatia. Tumempeleka kwenye gari."

Kando ya maiti palikuwa na ufito wa chuma uliosimikwa wima kwenye ubao, na waya mrefu uliotambaa nyasini hadi nyuma ya ukuta mmoja, masalia ya nyumba iliyobomolewa baada ya mafuriko. Kwenye jukwaa hilo ndipo Klabu ya Roketi ya Narung'ombe ilipokuwa ikirushia roketi zake. Ndiyo, roketi, na usicheke. Si zile za kwenda mwezini. Ni bomba la karatasi ngumu lenye mapezi ya mbao nyepesi, ncha iliyochongwa kwa mninga, na parachuti ya kitambaa cha mwavuli. Chini unachomeka injini ndogo ya baruti. Unabonyeza, inapaa hadi unaipoteza machoni, parachuti inafunguka, na watu wazima na akili zao wanakimbizana kuiokota.

Kwa miaka kumi na mmoja mwalimu huyo mstaafu wa fizikia alikuwa akiwatoa watu Kariakoo kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, wenye maduka kwa wapiga debe, kuja kutazama juu. Leo roketi ilikuwa imempata yeye chini ya taya.

Nyuma ya ukuta, mwanamume mnene wa miaka arobaini hivi alikuwa amekaa chini, mikono kichwani.

"Jina lako?"

"Aristides. Nauza nyaya za umeme Mtaa wa Aggrey. Ni katibu wa klabu."

"Nani alibonyeza?"

"Mimi."

Jibu lilitoka kabla swali halijakaa sawa. Chiku hakulipenda.

"Hukumwona mwalimu kwenye jukwaa?"

"Tukishajificha nyuma ya ukuta hatuchungulii. Ndiyo sheria yetu."

"Mlikuwa wangapi?"

"Watatu. Mwalimu, mimi, na Mauza binti yake. Wanachama wengine huja saa mbili."

"Mauza alikuwa wapi?"

"Kule kando ya barabara, anapanga viti. Hakuona kitu, afande. Hakuona kitu kabisa."

Chiku alikitazama kisanduku cha kuwashia. Kilikuwa cha bati, kina kitufe chekundu, na swichi ya ufunguo iliyotolewa kwenye pikipiki. Tundu la ufunguo lilikuwa tupu. Juu yake, ukutani, ulining'inia ubao ulioandikwa kwa rangi ya mafuta: ANAYEKWENDA JUKWAANI AVAE UFUNGUO. UFUNGUO UKIRUDI, MTU KARUDI.

"Nieleze hii."

"Bila ufunguo kisanduku hakitoi umeme. Kwa hiyo anayekwenda kutengeneza roketi anauchomoa, anauvaa shingoni, anaondoka nao. Akirudi nyuma ya ukuta anaukabidhi mkononi. Hapo ndipo tunahesabu."

"Funguo ziko ngapi?"

"Mmoja. Swichi ilikuja na mbili. Ule mwingine Mwalimu aliuponda kwa nyundo mbele yetu, siku ya kwanza ya klabu."

Chiku alirudi kwenye maiti. Aliifunua kola taratibu kwa kidole chenye glovu. Shingoni mwa mzee palikuwa na uzi mwekundu, na kwenye uzi, ufunguo.

Alirudi nyuma ya ukuta. "Ufunguo uko shingoni mwa marehemu. Wewe uliwasha na nini?"

Aristides alinyoosha mikono yote miwili. "Andika kwamba nimeua, afande. Nifunge pingu twende."

Pingu alifungwa. Kituoni, askari wa zamu alipoorodhesha mali za mahabusu, alitoa mfukoni mwa Aristides simu, kitambulisho, na ufunguo mmoja mpya wa shaba. Chiku aliuingiza kwenye kisanduku kilicholetwa kutoka Jangwani. Ukazunguka bila ubishi.

Kufikia mchana Filbert alikuwa ameshapita kwa majirani wa karakana ya klabu, Mtaa wa Narung'ombe, naye alirudi akitembea kifua mbele.

"Kesi imekwisha, afande. Ijumaa waligombana. Mama ntilie wa chini kamsikia Aristides akipiga kelele: 'Mwalimu, utaua mtu! Utaua mtu!' Alikuwa anautaka uongozi huyu. Akachongesha ufunguo, akamsubiri mzee ainame, kwisha."

"Na mtu aliyepanga hivyo anabaki na ufunguo mfukoni?"

"Wauaji wana akili, afande?"

Mkuu wa upelelezi naye alikuwa na haraka zake. Alitaka jalada liwe kwa mwendesha mashtaka Jumatatu jioni: kuua kwa kukusudia. Chiku aliijua adhabu yake. Mtu akipatikana na hatia, ni kunyongwa. Alimwangalia Aristides kupitia nondo, amekaa pale na soksi zake zilizotoboka, hataki maji, hataki wakili. Roho ilimuuma, na wala hakuwa na ushahidi wa kuitetea roho yake.

Jumatatu asubuhi alikwenda chumba cha maiti. Daktari Agnesi alikuwa amemaliza uchunguzi.

"Ncha iliingia chini ya taya kwenda juu. Alikuwa ameinama juu ya roketi. Viganja vimeungua, kwa hiyo alikuwa ameishika. Hakuteseka, kama hilo linakusaidia."

"Halinisaidii, ila ahsante. Kingine?"

Daktari alimsogezea bakuli la chuma. Ndani mlikuwa na filimbi ya refa, ina damu.

"Nimeitoa mdomoni. Sehemu ya kupulizia ina alama za meno. Alikuwa ameibana pale alipopigwa."

Chiku alirudi kituoni mbio na kumtoa Aristides mahabusu.

"Filimbi kwenu ni ya nini?"

Mtu mzima yule alijikunja kwenye kiti.

"Nimekuuliza."

"Mara mbili maana yake nimeshatoka jukwaani. Hesabuni."

"Alipiga?"

"Alipiga."

"Akiwa ameinama juu ya roketi? Mwalimu wa fizikia, miaka kumi na mmoja, anawaambia mhesabu wakati roketi iko mikononi mwake?"

Aristides alianza kulia, kilio cha sauti. Filbert aligeukia dirishani.

"Huu ufunguo ulichongesha wapi?" Chiku aliuliza polepole.

"Mtaa wa Congo."

"Kwa fundi gani?"

"Sikumbuki."

"Lini?"

"Sikumbuki, afande. Niandikie tu nisaini."

Alikuwa muongo mbaya sana. Kichwani mwa ule ufunguo paligongwa alama ya nyota, ndogo, na fundi anayeweka alama kwenye kazi yake hana sababu ya kuikana. Chiku na Filbert waliacha gari, wakaingia Kariakoo kwa miguu, katikati ya marobota ya mitumba na mikokoteni inayotaka kukuvunja visigino. Fundi wa kwanza aliitazama nyota akatikisa kichwa. Wa pili akawaelekeza kona ya Mchikichi na Sikukuu, kwa Abdulmajid.

Abdulmajid alikuwa chini ya mwavuli wake, mbele ya ukuta wa funguo.

"Yangu hii," alisema, akajisifu. "Ya pikipiki. Kuchonga hizi lazima uwe na mkono, dada, siyo hawa wa kuchoma mahindi."

"Aliyekuja ni mwanamume mnene?"

"Mwanamume wapi! Dada mmoja mweupe, kavaa baibui, mtu wa kiarabuarabu hivi. Ni kama miezi saba. Namkumbuka kwa sababu alinihimiza mpaka nikakasirika. Ule wa asili ulikuwa na uzi mwekundu, akasema lazima aurudishe kabla baba yake hajaamka." Aliwatazama usoni. "Kuna nini? Mnanitisha."

Chiku aliurudisha ufunguo mfukoni. Alishukuru, akaondoka na Filbert.

Nyumba ya msiba, hapo Narung'ombe, ilikuwa imejaa. Wanaume walikaa barazani na nje kwenye mikeka, wakisubiri maiti ioshwe ipelekwe msikitini. Ndani, wanawake walikuwa wakisoma Yasini. Chiku alijitanda ushungi, akavua viatu, akatoa pole kwa kila aliyempa mkono. Mauza, binti pekee wa marehemu, mwanamke wa miaka thelathini na tano, alimwona tu akanyanyuka. Alimwongoza hadi chumba cha ndani na kufunga mlango.

"Nimetoka kwa Abdulmajid, mchonga funguo," Chiku alisema.

Mauza alikaa kitandani. Hakukana. Usoni mwake palipita kitu kilichokaribia nafuu.

"Nani kakwambia uchongeshe?"

"Hakuna. Akili yangu mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Baba alikuwa anasahau." Kisha yakamtoka yote. "Ilianza Ramadhani ya mwaka jana. Alifuturu, akanawa mikono, akarudi mezani akauliza mbona leo hatufuturu. Nikadhani utani. Nikacheka. Naye akanitazama, afande, akanitazama kama mgeni."

"Endelea."

"Ikaja kwenye klabu. Anatoka jukwaani, anasimama kando ya ukuta, anapiga filimbi, na ufunguo uko shingoni. Ukimwomba anasema kashakupa. Anafoka, anapekua nyasi. Mbele za watu! Siku moja mtoto wa watu akamcheka. Baba yangu, aliyesomesha nusu ya mtaa huu, anachekwa na mtoto. Niliingia chooni nikalia. Kesho yake nikaenda kuchongesha."

"Ukawa unatumia wa kwako."

"Akisahau tu. Natia wangu kimyakimya, namhesabia, roketi inapaa, anafurahi. Hakuna anayejua. Miezi saba hakuchekwa tena."

"Na jana?"

Mauza aliukamata ukingo wa kitanda. "Jana Aristides ndiye aliyekuwa anapanga viti. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta. Roketi ilikataa kuwaka. Baba akachomoa ufunguo, akavaa, akaenda. Nikangoja. Nikasikia filimbi, mara mbili. Nikasema keshatoka, kasimama pembeni, kasahau kama kawaida yake. Nikatia wa kwangu. Kumbe safari hii alichosahau ni kuondoka jukwaani."

"Hukuchungulia."

"Yeye ndiye aliyetufundisha tusichungulie." Alianza kukunja vidole kimoja kimoja. "Nikahesabu. Kumi, tisa, nane. Naye akawa ananiitikia kwa filimbi, mlio mmoja kila namba, namsikia anahesabu pamoja nami. Sauti ilikuwa mbali kidogo. Nikaona ni upepo. Wallahi nikaona ni upepo tu."

Chiku alimshika mkono. Si jambo la kipolisi, lakini alimshika.

"Aristides alikuja mbio," Mauza alisema. "Akauchomoa ufunguo, akautia mfukoni. Akaniambia, 'Dada Mauza, wewe ulikuwa unapanga viti. Umesikia? Viti.' Nikanyamaza. Nimenyamaza tangu jana na mtu amelala mahabusu kwa ajili yangu."

"Baba anazikwa baada ya alasiri," Chiku alisema. "Naweza kusubiri hadi jeneza litoke."

"Aristides anasubiri nini?" Mauza alifuta uso kwa upindo wa khanga. "Twende sasa hivi."

Kituoni, Aristides alipomwona akiingia na Chiku, alisimama akagonga kiti.

"Afande, kwa nini umemfuata? Si nilishasema ni mimi!"

"Kaa chini, kaka Aristides," Mauza alisema. "Nimeshasema yote."

Alikaa. Chiku akavuta kiti cha tatu. "Limebaki moja. Ijumaa ulimwambia Mwalimu ataua mtu. Ulijua anasahau?"

"Alinieleza mwenyewe."

Mauza aligeuka. "Nani alikueleza?"

Aristides alitazama sakafu. "Mwalimu alikuwa anajua, dada. Alikwenda kwa daktari miezi mingi iliyopita, peke yake. Daktari akamwambia ugonjwa huo haurudi nyuma. Alikuficha. Alisema, 'Binti yangu ananiona mzima, sitaki aanze kunililia kabla sijafa.'"

"Hapana," alisema Mauza.

"Na ule ufunguo aliuona kwenye pochi yako. Aliujua. Ijumaa ndiyo akaniambia, anacheka, ati anajifanya haoni ili usijisikie vibaya. Ndipo nikapiga kelele. Nikamwambia, Mwalimu, sheria ni yako, utaua mtu! Akalia, dada. Mzee yule akalia mbele yangu. Akasema basi, Jumapili ndiyo ya mwisho, roketi ikishapaa nitamkalisha Mauza nimwambie kila kitu. Akaniomba siku mbili tu." Aristides alijipiga kifua kwa ngumi. "Nikampa. Ningemkatalia angekuwa hai. Ningeacha vile viti nikaja nyuma ya ukuta angekuwa hai."

Filbert alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, ule mwendo wake wa kifua mbele umemwisha.

"Alikuwa anajua," Mauza alisema, akijisemea mwenyewe. "Mimi namficha yeye, yeye ananificha mimi." Kisha akaangua kilio ambacho hakuwa amekilia hata kwenye nyasi za Jangwani, na Chiku akamwacha alie, naye mwenyewe machozi yakamshuka na hakuona haya.

Jalada la kuua kwa kukusudia lilifungwa. Aristides alirudishiwa simu na kitambulisho, akaambiwa aende zake, akakataa kutoka. Jipya lingefunguliwa, la kuua bila kukusudia, na hilo lingeamuliwa na mahakama.

Chiku alichukua fomu ya maelezo ya onyo. Alimsomea Mauza haki zake, akaandika jina, umri, na mahali anapoishi. Alipofika kwenye uhusiano na marehemu, alisita.

"Andika mtoto wake," Mauza alisema.

Maelezo yalianza kuandikwa saa kumi na robo alasiri. Narung'ombe, wanaume walikuwa wameshaliinua jeneza.