Mteja Aliyejitoa

Ukumbi wa semina pale Usagara ulifurika wafanyabiashara, kila mmoja ana lake kuhusu sheria mpya ya kodi. Thuwaiba, binti kutoka kijiji cha Mkwaja anayeandaa hesabu za kodi za watu, aliacha mkoba kwenye kiti akaenda kunywa maji. Kurudi, mkoba umekaliwa.

"Kaka, hapo kuna mkoba wangu."

"Astaghfirullah! Nisamehe dada. Nilihisi pamelainika, nikadhani wametuwekea mito." Alikuwa kijana wa Kipemba, kanzu imenyooshwa pasi, ananukia udi. "Nami nauza magodoro, ningepaswa kujua."

Thuwaiba akacheka, na hapo ndipo alipojiponza. Kijana aliitwa Mundhir, na hata semina haijaisha alishajiandikisha kuwa mteja wa ofisi yao.

Basi simu zikaanza.

"Bi Thuwaiba, godoro la dukani, lile watu wanajaribia kulala, nalo nilihesabu?"

"Lihesabu."

"Na risiti iliyolowa mvua?"

"Ianike. Mundhir, wewe huna kazi?"

"Ninayo. Ila njaa imenishika. Twende tukale urojo kule ufukweni, Raskazone."

"Sitoki na wateja."

Hiyo ilikuwa amri ya Bi Tuhfa, mwenye ofisi. Ukimpenda mteja, alisema, utamwonea huruma kwenye hesabu, kisha tufungiwe ofisi sote. Thuwaiba aliishika amri, lakini jamani, moyo wake uligoma kabisa. Simu ikiita, anajitengeneza mtandio kana kwamba anaonekana!

Ghafla simu zikakatika. Jumatatu kimya, Jumanne kimya. Jumatano Bi Tuhfa akamwita.

"Yule Mpemba wako wa magodoro kachukua faili lake."

"Kaenda kwa nani?"

"Nitajuaje? Hii sheria mpya imewaruhusu wafanyabiashara wadogo wajaze ritani, fomu zao za kodi, wenyewe kwa simu, sasa wanatukimbia mmoja mmoja."

Thuwaiba alirudi mezani kwake akiwa hoi. Kumbe yale maneno matamu yalikuwa ya kupata huduma tu! Alilia chooni, akanawa uso, akapaka wanja upya, kisha akapiga simu.

"Mundhir! Umepata mwandaaji mwingine, hongera. Ungeaga lakini!"

"Uko wapi?"

"Haikuhusu."

"Basi mimi niko Raskazone, pale kwa muuza urojo. Njoo unitukane vizuri, kwenye simu husikiki."

Akapanda bajaji, hasira zote ziko tayari. Akamkuta Mundhir macho mekundu, ndevu hazijachongwa, mabakuli mawili ya urojo mezani.

"Nani anakuandalia sasa?" akauliza kabla hajakaa.

"Mimi mwenyewe. Wiki nzima sikulala, nimeijaza ritani na nimeituma."

"Wewe? Nani kakufundisha?"

"Wewe. Yale maswali yangu ulidhani ya kipuuzi? Kila ulilonijibu niliandika."

Thuwaiba akaketi taratibu. "Kwa nini, Mundhir? Sisi tungekujazia."

"Ulisema hutoki na wateja. Nikaona dawa ni moja, niache kuwa mteja."

Hasira zote zikamwisha hapo hapo. Alitaka kucheka, alitaka kulia, akaishia kunyoosha mkono. "Lete simu niangalie kama umejaza sawa."

"Thubutu!" Mundhir akaificha mgongoni. "Ukiangalia tu, nimekuwa mteja tena."

"Je, kama umekosea?"

"Nitalipa faini yangu bila kinyongo. Thuwaiba, nakupenda. Nimekupenda tangu siku ile ya semina, na sitaki kukupigia simu kwa visingizio tena. Nataka nikuoe. Unanitaka, hunitaki?"

Muuza urojo aliacha kukoroga, anasikiliza bila haya. Thuwaiba akainamia bakuli lake, mashavu yanamwaka moto.

"Baba yuko Mkwaja," akasema. "Mzee Ahmada, mtu yeyote atakuonyesha nyumba. Tuma wazee wako."

"Lini?"

"Wewe unauliza lini? Ijumaa hii, Mundhir. Mimi subira sina tena."